Maua Ishirini ya Uzi

Kamati ya harusi ya Tabby na Jeff ilifika ajenda ya saba, maua, saa kumi na nusu jioni ya Jumapili, na hapo ndipo Wamaitha, mama yake Tabby, alipoanza kukohoa.

Sebule ya Sue, mama yake Jeff, kule Milimani, ni sebule ya mtu anayejua kupokea wageni. Katikati ya meza palikuwa na chombo cha kioo chenye mawaridi mekundu yaliyonunuliwa asubuhi ile kwa ajili ya mkutano. Wamaitha aliyaona tangu alipovuka kizingiti. Alichagua kiti cha karibu na mlango, akajiambia kwamba saa moja si nyingi, mtu anaweza kubana kifua saa moja kwa ajili ya binti yake. Alijidanganya. Kikohozi cha kwanza alikimeza pamoja na chai. Cha pili kilitoka na chai yenyewe, ikamwagikia gauni lake la kanisani. Kisha kifua kikaanza kupiga ule mluzi mwembamba ambao mume wake, Mwaura, huutambua hata akiwa chumba cha pili, na wanakamati kumi na mmoja wakanyamaza, wakamtazama mama wa bibi harusi akipekua mkoba kutafuta inhela yake ya pumu.

Tabby alibeba chombo mbio akakipeleka jikoni. Wamaitha alivuta dawa mara mbili, akaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa wasiomwangalia. Miaka kumi na minne alipanga na kufunga mawaridi katika shamba la maua, na sasa hata waridi moja likiwa chumbani, kifua kinafunga. Daktari alimwambia hivyo tu, kwamba akae mbali na maua, kana kwamba alikuwa anamwambia asile chumvi.

Sue si mtu mbaya, tuseme hilo mapema. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mwenye mtoto mmoja tu, naye alikuwa ameiona harusi hii kichwani tangu Jeff akiwa na meno ya utoto. Katika harusi hiyo ya kichwani, kanisa lilijaa mawaridi: kwenye nguzo, kwenye njia ya katikati, kwenye viti vya mbele. Mtu akikaa na picha miaka thelathini, haibadilishi kwa sababu ya kikohozi.

"Mama Tabby, pole sana," alisema Sue. "Lakini hiyo si shida kubwa. Tutakuwekea kiti kizuri kwa tenti, hapo nje tu ya kanisa. Tutaweka skrini na spika. Utaona kila kitu, hata kuliko sisi wa ndani."

Wanakamati walitikisa vichwa. Mmoja aliongeza kwamba atapatiwa na kijistuli cha kuwekea miguu. Wamaitha alisema asante. Mwaura alitazama mikono yake. Ni fundi wa milango na madirisha ya chuma, na mdomo wake haujazoea kusema katika nyumba zenye zulia.

Tabby alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Mum asipoingia kanisa," alisema kwa sauti ya chini, "hata mimi siingii."

Jeff alimtazama, kisha akamtazama mama yake. Sue aliweka kalamu mezani. Aliuliza kama basi bibi harusi atatembea mbele ya watu mia tatu akiwa mikono mitupu, au labda atabeba mkoba. Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta.

"Nitamshonea," alisema Wamaitha. Kila mtu aligeuka. Hata yeye mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake. "Maua ya uzi. Siku hizi yanashonwa na kroshia. Jirani yangu anashona."

Kuna kitu alikisahau kusema, nacho ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameshika sindano ya kroshia tangu darasa la sita, na hata wakati huo alipata alama tatu kwa kumi.

Sue alifikiria. Mwalimu hamkatai mwanafunzi aliyeinua mkono. Akasema mpambaji wa kanisa anataka jibu Ijumaa ya wiki ya pili, hawezi kungoja zaidi. Wamaitha alete shada Jumapili ijayo. Likiwa la kusimama mbele ya watu, basi hakuna ua bichi litakaloingia kanisani, watapamba kwa vitambaa na mishumaa. Lisipokuwa, mambo yaendelee kama yalivyoandikwa, na kiti cha kwenye tenti kiwe na mto.

*

Nakhumicha, jirani yao kule Lanet, huishi kwa kushona vitambaa vya makochi, na mwaka huu amegundua kwamba wanafunzi wa chuo hununua maua ya uzi kuliko vitambaa. Alimkalisha Wamaitha kwenye kibao nje ya mlango, akampa sindano na uzi mwekundu, akamwonyesha kitanzi cha kwanza, kisha jinsi ya kupitisha uzi ndani ya kitanzi kupata kingine, na kingine, mpaka upatikane mnyororo.

Mnyororo wa kwanza wa Wamaitha ulikaza hadi sindano ikakwama.

"Legeza mkono, Mama Tabby," alisema Nakhumicha. "Uzi si ng'ombe. Hautatoroka."

Siku ya kwanza alitoa vitu vitatu ambavyo Nakhumicha, kwa upendo, aliviita kabichi. Siku ya pili vidole vilivimba. Siku ya tatu, Jumatano, mchana, jua likiwa limekaa juu ya mabati, mkono ulielewa kabla ya kichwa. Wamaitha aliona sindano ikiingia kwenye tundu, ikishika uzi, ikitoka, na mahali palipokuwa na hewa tupu pakawa na kitu. Alishona petali sita katika mstari mmoja, akauviringisha mstari kuanzia mwisho, akaukaza chini kwa uzi, na mkononi mwake kukawa na waridi. Aliligeuza akitafuta fundo, mahali pa kuunganisha, hila yoyote. Hakukuwa na hila. Ulikuwa ni uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ulikuwa umekuwa ua.

"Kumbe ni matundu tu," alisema. "Unafunga matundu na matundu, halafu inakuwa kitu."

"Ndiyo hivyo," alisema Nakhumicha, ambaye alikuwa amezoea.

Wamaitha hakuzoea. Usiku ule alilala ua likiwa juu ya redio, mahali angeweza kuliona akifungua macho.

Mwaura alikata vipande vya waya kule karakana, akavinyoosha kimoja kimoja kwa nyundo, na Wamaitha akavizungushia uzi wa kijani kuwa mashina. Nyumba nzima ikawa ya kazi hiyo. Sukuma wiki ilipikwa ikiwa na kipande cha uzi ndani, na hakuna aliyelalamika. Kwa Wamaitha, kazi ilikuja na sheria zake za zamani, na hakutambua kwamba amezirudisha. Kila shina lilikuwa sentimita sitini. Kila kichwa kilikuwa na unene uleule. Ua lililopinda kidogo alilitupa kando, na Nakhumicha alipolichukua akasema ni zuri, atauza, Wamaitha alimtazama kama mtu anayeokota kilichooza. Waswahili husema mzoea punda hapandi farasi.

Jumamosi jioni alikuwa na maua ishirini bila dosari.

*

Sue alikuwa ameondoa maua yote sebuleni. Wamaitha aliliona hilo, akashukuru kimoyomoyo, akakaa kwenye kiti kilekile cha karibu na mlango. Tabby alikaa kando yake. Mzigo ulikuwa umefungwa kwa shuka safi, nao Wamaitha aliufungua polepole kwa sababu alijivunia.

Ndani mlikuwa na fungu. Maua kumi juu, maua kumi chini, vichwa vimepangwa sawasawa kama vimepimwa kwa rula, na kweli vilikuwa vimepimwa. Mashina yalikatwa mwisho kwa mstari mmoja. Katoni yenye mikunjo ilizungushiwa vichwa, mpira mmoja wa kufungia ukawekwa chini na mwingine juu. Na kila ua, yote ishirini, lilikuwa limefungwa kabisa, petali zimeshikana kileleni kama ngumi.

Sue alivaa miwani. Aligusa ua moja, akagusa la pili. "Kushona umeshona," alisema. "Hiyo siwezi kukataa. Lakini mbona yamefunga?"

"Yamefunga vile inatakiwa."

"Inatakiwa na nani?"

"Na soko," alisema Wamaitha.

Akaeleza, kwa kuwa aliona hawajui. Ua hukatwa likiwa limefunga. Likianza kufunguka kabla ya kufika kwenye meza ya kupangia, halina bei, linatupwa. Likipita kwa mikono yako hivyo, jina lako linaandikwa. Ukiandikwa mara mbili kwa wiki, unapumzishwa siku tatu bila mshahara. Alieleza kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kazi yake mbele ya mtu asiyeijua, na huku akieleza aliona uso wa Sue ukibadilika, akadhani ameeleweka.

"Mama Tabby," alisema Sue, "hii ni harusi. Hatuyapeleki airport."

Tabby aliinamisha kichwa. Sue hakukusudia kuumiza, lakini maneno yalikuwa yametoka, na Wamaitha alilitazama fungu lake upya, akaliona kama walivyoliona wao: mzigo. Alikuwa amemshonea binti yake mzigo wa kusafirishwa.

"Si ungeyafungua tu kidogo," alisema Sue kwa upole zaidi. "Yawe kama waridi la kawaida. Lile lililofunguka."

Wamaitha aliinama juu ya fungu, akabonyeza ua moja kileleni. Tabby alidhani kifua kimefunga tena, akamgusa mgongoni.

"Sijui vile linafunguka," alisema Wamaitha. "Sijawahi kuona."

"Miaka kumi na minne?" aliuliza Sue.

"Yaliyofunguka yalikuwa kwa pipa. Nimeyaona yakiwa yamevunjika, yamekanyagwa. Hayo mengine niliyafunga yakapanda lori. Na tangu niache, siwezi kukaa na moja nyumba moja."

Sue alivua miwani. Aliifuta kwa leso, akaivaa tena. Mwishowe alisema tu kwamba mpambaji anangoja mpaka Ijumaa, kama alivyosema, na kwamba yeye mwenyewe atapita Lanet siku hiyo mchana, ili Mama Tabby asisumbuke na safari.

*

Walijaribu picha kwenye simu ya Nakhumicha. Picha zilikuwa nyingi na nzuri, na hazikusaidia. Picha huonyesha ua kwa mbele; haisemi petali ya nje inajikunja kuelekea wapi, wala ya ndani imejificha vipi. Wamaitha alifumua maua manne akayashona upya, yakatoka kama vikombe vilivyopasuka. Jumatatu mchana alikaa kitandani akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kiti cha kwenye tenti si kibaya, mradi kuna kivuli.

Mwaura alisikia akiwa mlangoni. Alivaa koti, akaenda mjini, akarudi saa kumi na moja akiwa na waridi moja jekundu lililofungwa kwa gazeti, ambalo alilibeba kwa mkono ulionyooshwa mbali na kifua chake njia nzima, na watu walimcheka. Hakuingia nalo ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaliweka kwenye kopo la maji juu ya ukingo wa dirisha la chumba cha kulala, kwa nje. Dirisha lile alilitengeneza mwenyewe, na alijua mahali lilipokuwa na upenyo. Alikanda putty, ule udongo laini wa kushikizia vioo, akaziba pembeni mwa kioo, juu na chini, kisha akafunga kwa waya kile kishikio ili mtu asije akafungua kwa kusahau. Alienda kwenye bomba, akanawa kwa sabuni ya kipande hadi viwiko, akavua shati akalianika mbali. Ndipo akaingia.

"Njoo uone," alimwambia mke wake.

Wamaitha aliusogeza uso kwenye kioo. Waridi lilikuwa upande wa pili, umbali wa kiganja, limefunga kabisa, kama yale yote aliyowahi kuyashika. Alivuta pumzi kwa woga. Pumzi ikaingia, ikatoka. Akavuta nyingine.

Jumanne asubuhi hakukuwa na tofauti. Saa tano petali moja ya nje ilikuwa imeachana na zingine, kidogo tu, upana wa ukucha. Wamaitha aliita. Nakhumicha alikuja mbio akidhani kuna moto. Walisimama wote wawili wakitazama upana ule wa ukucha. Hawakuona petali ikitembea. Hilo ndilo lililowashangaza. Walikazia macho mpaka yakatoa machozi, na ua halikusogea hata kidogo, lakini kila walipotazama kando na kurudi, lilikuwa limeshafika mahali pengine.

Jumatano lilifunguka. Sina namna bora ya kulisema. Jua la asubuhi lilipita juu ya paa la jirani likalipata, na petali za nje zilijikunja kuelekea chini, ncha zake zikaviringika nyuma, na za katikati zikasimama zimeachana, na ndani kabisa, mahali ambapo Wamaitha alidhani hakuna kitu, kulikuwa na petali nyingine ndogo ndogo zilizozungukana bila mwisho. Wekundu wake haukuwa mmoja. Kwa nje ulikuwa wa giza, kwa ndani ulikuwa unawaka. Tabby alikuwa amechelewa kazini na hakujali. Mwaura alikuwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa. Watu wazima watatu walisimama kwenye chumba cha kulala wakitazama nje ya dirisha.

"Mungu wangu," alisema Wamaitha mwishowe. Mashavu yake yalikuwa yamelowa. "Kwa hivyo hii ndiyo walikuwa wananunua."

Alikuwa amepitisha mikononi mwake mawaridi yasiyohesabika, akiyafungia safari, na siku zote alidhani ua ni kile alichokiona. Hakukasirika. Hasira ilikuja baadaye kidogo, na haikukaa. Siku ile alishangaa tu, mshangao mkubwa hadi ikabidi akae.

Kisha akachukua sindano.

Hakumwuliza Nakhumicha. Alitazama kioo, akashona, akafumua, akatazama tena. Aliona kwamba petali ya nje ni pana juu kuliko chini, kwa hiyo akaongeza matundu kwenye ukingo, mawili katika tundu moja, na ukingo ukakosa mahali pa kukaa ukajikunja nyuma wenyewe, kama ule wa waridi la dirishani. Nakhumicha, anayeshona tangu akiwa msichana, alilichukua ua mkononi akaligeuza mara tatu.

"Hii nani amekufunza?"

Wamaitha alionyesha dirisha kwa kidevu.

Alifumua yote ishirini. Hakuyafanya sawa tena. Mengine aliyafungua nusu, mengine robo, mengine kabisa, kwa sababu ameona kwamba ua lina asubuhi na lina mchana. Mashina aliyakata marefu kwa mafupi. Moja lilipinda, akaliacha lipinde.

*

Sue alifika Ijumaa saa nane. Alikuwa hajawahi kuingia nyumba ile. Tabby alimpokea, akamwambia mama yuko chumbani, anamaliza, na Sue, ambaye hangoji sebuleni pasipo na mtu, alimfuata hadi ndani.

Alimkuta Wamaitha ameegemeza paji la uso kwenye kioo, mikono ikishona bila yeye kuitazama. Kwa nje, waridi lilikuwa limefunguka mpaka mwisho wake. Wamaitha aligeuka, akaona aibu kwa kitanda kilichojaa nyuzi, akataka kuinuka. Sue alimzuia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akatazama pale alipotazama mwenzake, na wote wawili waliiona petali moja ikiachia shina na kuanguka kwenye ukingo wa dirisha, polepole, bila upepo.

"Miaka kumi na minne," alisema Sue, "na hukuwahi kuweka hata moja kando ulione?"

"Nilikuwa naharakisha, Mama Jeff."

Wamaitha alifunga uzi wa mwisho, akaongeza ua la ishirini kwenye mengine, akazungusha utepe mweupe, akampa. Sue alilipokea shada kwa mikono miwili. Aliligeuza kwenye mwanga. Kisha akafanya jambo ambalo hakulikusudia: alilisogeza puani, akafumba macho, akanusa.

Alipofumbua macho alitahayari. Wamaitha alicheka, kicheko cha kwanza kwa wiki mbili, nacho hakikuishia kwenye kikohozi. Alisema asijali, hata Mwaura alinusa, na Mwaura ndiye aliyenyoosha waya.

Sue alitoa simu palepale akampigia mpambaji. Alimwambia asilete ua lolote, hata moja, na alipoulizwa sababu akajibu kwamba bibi harusi ameshapata yake.

*

Siku ya harusi kanisa lilipambwa kwa vitambaa vyeupe na mishumaa, kama ilivyokubaliwa. Kamati ilikuwa imefikiria kila kitu. Isipokuwa hakuna hata mwanakamati mmoja aliyekuwa katika zamu ya akina mama wa madhabahu, na akina mama wa madhabahu, kila Jumamosi asubuhi, huja kupanga maua ya ibada ya Jumapili. Hayo kwao si maua ya harusi. Hayajawahi kuandikwa kwenye ajenda ya mtu. Walikuja saa mbili, wakaweka vyombo vitatu vikubwa vya mawaridi na maua meupe mbele ya kanisa, wakavipangusa, wakakaa viti vya nyuma kungoja harusi.

Wamaitha alifika mlangoni saa nne kasorobo akiwa na gauni la kijani na kilemba. Hakuyaona kwanza. Kifua ndicho kilichoyaona. Mluzi ulianza, Mwaura akausikia, wakatazama mbele pamoja.

Tabby alikuwa bado ndani ya gari barabarani, shela ikinyooshwa. Wamaitha alimvuta mume wake kando ya ukuta, akavuta dawa, akasubiri mpaka sauti ipatikane.

"Wewe mpeleke," alisema. "Mimi nitakaa kwa tenti. Usimwambie mpaka afike mbele, ndio asirudi nyuma."

Mwaura alisimama na suti yake ya kuazima, hajui aende upande gani. Watu waliokuwa wakiingia walianza kupunguza mwendo na kuwatazama. Wamaitha alikuwa tayari amegeuka, anaelekea kwenye tenti iliyosimamishwa nje kwa ajili ya chakula, akitembea wima kadiri alivyoweza, kwa sababu mtu akitazamwa ni afadhali atazamwe wima.

Sue alimwona kutoka ndani. Alitazama mlango, akatazama madhabahu, akaelewa. Alipita katikati ya kanisa na kofia yake ya manyoya na viatu vya kisigino, mbele ya watu mia tatu, akakumbatia chombo cha kwanza, akaanza kukitoa. Kilikuwa kizito. Maji yalimwagika kifuani pake, yakateremka kwenye gauni la hariri ambalo lilishonwa kwa mwezi mzima. Aliweka chombo nje, mbali, nyuma ya jengo, akarudi kuchukua cha pili. Kwaya ilikuwa imeacha kuimba.

Mama Lynn, mwenyekiti wa akina mama wa madhabahu, alimkuta katikati ya njia.

"Mama Jeff, hayo si ya harusi. Hayo ni ya Mungu."

Sue alikuwa anahema, kofia imelala upande. "Mungu atayaona hata yakiwa nje," alisema. "Mama Tabby akiwa nje hataona kitu."

Mama Lynn alisimama hapo. Kanisa zima lilikuwa linamtazama. Kisha alikunja mikono ya gauni lake, akaenda mbele, akabeba chombo cha tatu mwenyewe.

Walifungua kila dirisha na milango yote miwili. Vijana wa kwaya walipangusa mbele kwa matambara, na akina mama wakapunga hewa kwa karatasi za ratiba, mamia ya karatasi zikipepea pamoja, huku mchungaji akitazama saa na kuamua kutosema kitu. Bibi harusi aliambiwa kuna shida ndogo ya umeme. Baada ya nusu saa Sue alienda kwenye tenti, akiwa amelowa kuanzia kifuani hadi magotini, akamshika Wamaitha mkono, akamwambia sasa ajaribu.

Wamaitha alisimama mlangoni akavuta pumzi. Ikaingia. Akasubiri. Ikatoka kimya.

Tabby aliingia akiwa katikati ya wazazi wake. Watu walisimama, na jinsi shada lilivyokaribia, ndivyo minong'ono ilivyozimika, safu baada ya safu. Wengine walinyoosha shingo. Mzee mmoja alivua kofia. Ukiliona lile shada kwa mbali ungesema maua yamekatwa alfajiri ile, na ukilikaribia ungeona uzi, tundu kwa tundu, na ungeshangaa zaidi.

Mbele, mchungaji aliuliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe na kijana huyu. Jibu hilo ni la baba. Mwaura alikuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima kule karakana, akiyaambia madirisha. Alifungua mdomo, kisha akamtazama mke wake, akaufunga.

Kanisa lilingoja. Sue, kwenye kiti cha mbele, gauni likimdondokea maji viatuni, alishika mkono wa kiti.

"Ni mimi Wamaitha na baba yake Mwaura," alisema Wamaitha, na sauti yake ikafika mpaka kwa akina mama wa nyuma, "tuliomzaa, tukamlea, na leo tumemleta wenyewe hadi hapa mbele."

Alisema yote kwa pumzi moja, na nyingine ikabaki.